Cherehani ya Mama Makochi

Ukitaka kujua watu walivyo, usiende sebuleni kwao siku waliyokukaribisha. Ngoja wakuletee kochi lao ulifungue. Mama Makochi alikuwa amefungua makochi ya kila aina ya mtu, wenye vyeo na wasio na kitu, na humo ndani alikuwa amekuta mambo ya kumfanya mtu mwenye roho nyepesi asusie chakula. Nywele zilizosokotana na makombo ya mkate. Kucha. Viota vya panya vilivyotandikwa kwa sponji ambayo yeye Mama Makochi aliikata kwa mkono wake. Bandeji iliyokwisha kutumika. Safari moja alikuta meno ya bandia, yale ya chini, na alipompelekea mwenyewe, mzee mmoja mstaafu mwenye tai shingoni, yule mzee aliyafuta kwenye shati, akayarudisha mdomoni hapo hapo, akasema asante. Mama Makochi hakuweka kitu tumboni hadi kesho yake.

Lakini alimpelekea. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana tangu siku za marehemu mumewe. Juu ya rafu kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na chochote kilichotoka ndani ya kochi, kiwe hereni, kiwe mfupa wa kuku, kiliingia kwenye kopo na kurudishwa mkononi kwa mwenyewe. "Sisi tunatengeneza kochi," mume alikuwa akisema, "vya ndani ni vyao."

Watu walimwita mume fundi na mke msaidizi, kwa sababu mume ndiye aliyesimama mlangoni na futi ya kupimia. Ukweli ni kwamba yeye alichonga mbao, akapigilia misumari na kupiga domo na wateja. Kukata kitambaa, kushona, kuvisha kochi hadi likakaa bila kunyanzi, vyote vilikuwa vya mke. Naye mume hakuficha. "Mimi natengeneza mifupa," alimwambia kila mteja, "ngozi ni ya huyu hapa." Wateja walicheka, wakadhani anamvisha mkewe kilemba cha ukoka.

Cherehani yao ilikuwa nzito, ya chuma, ya kushonea ngozi na turubai, waliyoinunua imeshatumika. Ilipochapuka ilitingishika na kupiga kelele utadhani kuna ugomvi wa masufuria. Siku moja Mama Makochi alichoka. Akavua kandambili yake ya kulia, ya buluu, akakata kisigino kwa kisu cha sponji, akainua kichwa cha cherehani na kukipachika kile kipande chini yake. Kelele ikakatika. Mume alicheka mpaka akakaa chini. "Umeivisha kiatu!" alisema. Jioni hiyo walirudi nyumbani yeye akichechemea kwa kandambili moja na nusu, mume akimshika mkono na kumtambulisha kwa kila mpita njia kuwa ni mke wa tajiri.

Mume aliugua kifua, akafa. Hayo nayasema kwa kifupi kwa sababu ndivyo yalivyokuwa.

Kilichofuata ni Njiti. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu, na jina hilo alilipata kwa tabia moja ambayo mtu yeyote aliyelelewa angeionea haya. Muda wote alikuwa na njiti ya kiberiti mdomoni. Anaitafuna, anainyonya, anachokolea jino, anatazama kilichotoka nayo, anairudisha. Ikiisha kulowa na kuchanika kama ufagio, hatupi. Anaichomeka palipo karibu: kwenye ufa wa meza, kwenye udongo wa ua, na zaidi ya yote kwenye maungio ya kochi alilokalia. Kisha anachomoa nyingine. Msibani alikaa kwenye kiti cha kaka yake tangu siku ya kwanza, akala cha wafiwa na cha waombolezaji, na mjane alipokuja kufagia aliokota njiti zenye mate kila mahali.

Waombolezaji walipokwisha kutawanyika, Njiti alikuja na mkokoteni, akabeba cherehani.

"Ni mali ya kaka," alisema. "Naihifadhi tu, shemeji, mpaka ukoo ukae."

"Shemeji, mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Nitashonea nini?"

"Kwani huniamini? Mimi si ndiye kaka yako sasa? Halafu mwanamke na mashine nzito namna hii, wapi na wapi."

Ukoo haukukaa. Aliyekaa ni Njiti, kila alipoona moshi wa jiko la mjane, na kila alipoulizwa cherehani iko wapi alijibu kwamba iko salama. Akisema salama hurusha vijitone vya mate. Mama Makochi alijifunza kusimama mbali.

Akawa anashona kwa mkono. Ngozi ya bandia si shuka; sindano yake ni nene, na vidole vikivimba havishiki hata kikombe. Kochi lililokuwa likimalizika haraka likawa linalala karakanani hadi mwenyewe anakuja juu. Wateja wakaanza kupita mbele ya mlango wakijitia hamnazo. Mwenye chumba, ambaye hakuwa mtu mbaya ila hakuwa na subira, alimwambia waziwazi: kama mwezi ujao ukiisha bado karakana imelala, chumba anapewa muuza simu. Njia zikawa mbili. Apate cherehani, au afunge mlango na kurudi kumwomba Njiti chumvi.

Hapo ndipo alipoenda kwenye shirika moja la mjini la kuinua wajane.

Ofisi yao ilikuwa na zulia, feni, na kochi la watu watatu lililobonyea upande mmoja. Mkuu wa pale aliitwa Mratibu, na hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo. Aliwaita wajane "kina mama wangu" kwa sauti ya kubembeleza mtoto mwenye homa. Alimpa kila mmoja mkono, tena kwa mikono miwili, kisha, kabla yule mjane hajageuka, alifungua kichupa cha dawa ya kuua vijidudu na kujipaka viganjani. Alifanya hivyo bila kuficha, kama mtu anayefunga mlango wake. Mama Makochi, ambaye mikono yake ilikuwa imeingia kwenye uchafu wa mji mzima na kuoshwa kila mara, alisimama akautazama mkono wake.

"Unajua kazi gani, mama yangu?"

"Mimi ni fundi wa makochi. Nahitaji cherehani ya ngozi, basi. Mengine nitajua mwenyewe."

Mratibu alikunja uso kana kwamba amesikia harufu. "Hapana, mama. Cherehani ipo, inakuja, na ni ya aina hiyo hiyo. Lakini tusiseme hivyo. Wafadhili wetu wanasaidia mama asiye na mbele wala nyuma. Ukisema wewe ni fundi, watauliza, sasa tumemwinua kutoka wapi? Tuseme hukujua hata kushika sindano. Sisi tukakufundisha."

"Nimeshona tangu sijaolewa."

"Najua. Ni maneno tu. Unaitaka cherehani, huitaki?"

Aliitaka. Akainamisha kichwa, na njiani kurudi alijichukia kuliko alivyomchukia Njiti, jambo ambalo hakuwahi kudhani linawezekana.

Akawekwa darasa la sabuni, kwani ndilo lililokuwepo. Huko alikutana na mwanamke mnene mwenye kicheko cha mlipuko, aliyekuwa mpishi wa shule hadi shule ilipofungwa, na wote walimwita Mpishi. Sabuni ile ilitengenezwa kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia, na iliponyunyiziwa manukato ilinuka kama samaki aliyekwenda harusini. Hakuna mtu wa mjini aliyeinunua. Wajane walinunuliana wenyewe kwa wenyewe.

"Tumetakata sana, shoga," Mpishi alisema. "Hata njaa ikija inateleza."

"Na zawadi walizogawa mwaka jana, waliopewa wako wapi?" Mama Makochi aliuliza.

"Waliopewa wapo, zawadi ndizo zipo stoo. Mimi nilipewa jiko la mikate. Nimelishika mara moja, siku ya picha. Ukilitaka unaandika barua, barua inajibiwa kwamba imepokelewa." Mpishi akacheka, kisha akaacha. "Inatia kinyaa, ujue. Mtu anakutumia sura yako ya msiba kama kibandiko cha dukani."

Siku chache baadaye Mratibu alimwita Mama Makochi ofisini. Wageni walikuwa wanakuja, na lile kochi lililobonyea lilikuwa aibu. Alitengeneze, kwa mkono, bila malipo, lihesabiwe kuwa ni mafunzo. Mwanamke aliyeambiwa aseme hajui kushika sindano akapewa sindano.

Alilifungua pale pale kwenye korido. Alipochana kitambaa cha upande uliobonyea akapeleka mkono ndani, vidole vyake vikagusa kitu kama miiba iliyolowa ikakauka. Akatoa mkono. Zilikuwa njiti za kiberiti, zilizotafunwa, zilizochanika vichwa kama fagio ndogo, nyingine za zamani zimekuwa nyeusi, nyingine bado zina rangi ya mti. Nyingi, tena nyingi. Mtu aliyekuwa amezichomeka pale hakupita mara moja kusalimia. Alikuwa amekuja, akakaa, akaongea, akarudi tena.

Alizikusanya kwa kipande cha karatasi, akazitia kwenye kopo alilokuja nalo, akampelekea Mratibu mezani kwake.

"Hizi zimetoka kwenye kochi lako."

Mratibu alirudisha kiti nyuma. "Eeh! Uchafu gani huo? Si zangu. Wageni ni wengi hapa, nitajuaje? Toa, tupa huko." Akafungua kichupa chake akajipaka, ingawa hakugusa kitu.

Mama Makochi hakutupa. Kama si za Mratibu, basi mwenyewe bado hajapatikana. Alirudi na kopo karakanani, akaliweka kwenye rafu, akalifunika vizuri, na usiku ule alijiuliza Njiti na Mratibu wana jambo gani la kuongea muda mrefu namna ile. Jibu alilolipata hakulipenda, akajiambia labda anamsingizia mtu.

Kabla ya sherehe walifanyishwa mazoezi. Wote walivalishwa magauni ya kijivu ya shirika. Wakakatazwa hereni. Wakafundishwa kutembea polepole, kupokea kwa mikono miwili, kupiga magoti nusu. "Na ukifika kwenye neno marehemu," Mratibu aliwaambia, "pumzika kidogo. Chozi likija, lisifutwe haraka." Mjane mmoja, mwembamba, ambaye mumewe alizikwa juzi tu, alianza kulia kweli. Mratibu alimpigia makofi. "Mmeona? Hivyo hivyo!" Mama Makochi alitoka nje akatema mate kwenye mtaro.

Siku ikafika. Turubai, viti vya plastiki, spika zinazokoroma, wageni wenye miwani ya jua na kamera, chupa za maji kwa meza kuu na jua kwa wengine. Na pale meza kuu, pembeni mwa Mratibu, katika kiti chenye kitambaa cheupe, alikaa Njiti. Alikuwa amevaa koti la marehemu. Alitambulishwa kuwa mwakilishi wa familia za wajane, mwanamume wa mfano, aliyesimama na shemeji yake katika wakati mgumu. Akainuka akapunga mkono. Njiti ilikuwa kwenye kona ya mdomo.

Zawadi zikafunuliwa. Jiko la mikate la Mpishi lilikuwepo, likiwa linatolewa upya kwa mjane mwingine. Halafu likaondolewa shuka la mwisho, na hapo chini ikawepo cherehani, nzito, imepakwa rangi ya buluu inayong'aa kama kucha za bandia, na ubavuni ina kibandiko cha shirika.

Rangi haiwezi kuficha umbo kwa mtu aliyelala na kuamka nalo. Gurudumu lake lilikuwa na jino lililomeguka. Kanyagio lilikuwa limelika upande wa kushoto, ambako ndiko yeye huweka mguu. Mama Makochi aliitazama, akamtazama Njiti, na Njiti akageukia chupa yake ya maji. Mwanamke akapewa kipaza sauti.

"Sema, mama yangu," Mratibu alinong'ona huku akitabasamu kwa kamera. "Sikujua hata kushika sindano..."

Angeweza kuyasema yale maneno. Wenzake walikuwa wameyasema, na jua lilikuwa kali, na kila mtu alitaka soda yake.

"Chini ya kichwa cha hii cherehani," alisema, na spika zikalirudia neno lake hadi barabarani, "kuna kipande cha kandambili. Cha buluu. Ni kisigino changu cha kulia. Nilikiweka mwenyewe, mume wangu akiwa hai, akacheka."

Hakungoja ruhusa. Alikishika kichwa cha cherehani akakilaza nyuma, akaingiza vidole, akachomoa. Aliyepaka rangi hakuwa amejisumbua kuangalia ndani. Mafundi wa namna hiyo hawajisumbui. Kile kipande kilikuwa kimebanwa na kulainika kwa mafuta, lakini alama za kisigino zilikuwa bado zinaonekana. Akakiinua juu.

"Cherehani hii ilitolewa karakanani kwangu na yule pale. Ikauzwa hapa. Leo nimeambiwa nipige magoti niipokee."

Njiti alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Na Mratibu, ambaye akili yake haikuwa mbali, alikinyakua kipaza sauti.

"Makofi kwa mama!" alipaza sauti. "Amezidiwa na furaha! Amekumbuka marehemu!"

Na wageni wakapiga makofi. Naam, walipiga. Mmoja alijifuta chozi chini ya miwani. Kamera zikambana Mama Makochi akiwa ameinua kipande cha kandambili hewani, mdomo wazi, na huzuni yake yote ikageuzwa shukrani mbele ya macho yake. Hakuwahi kuona uchafu wa namna ile, hata ndani ya kochi la yule mzee wa meno.

Lakini furaha ikishatangazwa, mwenye furaha hazuiwi. Hilo Mratibu hakuwa amelipigia mahesabu. Mama Makochi alikirudisha kisigino mahali pake, akashika meza ya cherehani upande mmoja, akaita, "Mpishi! Njoo unisaidie kubeba zawadi yangu."

"Naja, shoga! Mimi nimebeba masufuria ya shule nzima."

Yule mjane mwembamba naye akaja, akashika mguu wa meza. Mratibu aliwafuata kwa hatua fupi za viatu virefu. "Mama, inabaki stoo," alinong'ona. "Kuna utaratibu, mama. Utaandika barua." Kamera zikageuka kumtazama. Akaanza kupiga makofi na yeye, akitabasamu kama aliyebanwa vidole, na wajane watatu wakapita katikati ya viti na cherehani yao hadi kwenye mkokoteni wa kukodi barabarani. Magauni ya kijivu waliyavua pale pale, kwani chini walikuwa na nguo zao, wakayaacha juu ya kiti cha plastiki.

Asubuhi yake karakana ilikuwa wazi mapema. Mjane mwembamba alikuwa anakwangua rangi ya buluu kwa kisu na tina ya kuyeyushia rangi. Mpishi alikuwa anajifunza kukata sponji, na tayari alikuwa amekata moja umbo la mkate. Mwenye chumba alipita, akachungulia, akaendelea na safari yake bila neno, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa neno kubwa.

Njiti akaingia bila hodi. Akakaa kwenye kochi la mteja, lililokuwa limevishwa nusu.

"Shemeji, tusivuane nguo hadharani. Mratibu anadai chake. Mimi nitatoa wapi? Irudishe kwa muda tu, wakishatulia tutaongea kifamilia." Akaitoa njiti mdomoni, akaitazama, na mkono wake, kwa mazoea, ukaanza kutafuta maungio ya kochi.

"Usiichomeke hapo," Mama Makochi alisema.

Alinyoosha mkono kwenye rafu, akashusha kopo, akalifungua mbele ya pua yake. Harufu ilitoka kwanza.

"Hizi zako zimetoka kwenye kochi la Mratibu. Nilimpelekea, akasema si zake. Nimezitunza mpaka mwenyewe apatikane."

Njiti alichungulia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe labda, alionekana kuchukizwa na kilichotoka mdomoni mwake. Ile iliyokuwa mkononi hakujua aipeleke wapi. Mama Makochi alimsogezea kopo, naye akaitumbukiza humo pamoja na nyingine.

"Beba na kopo. Nitatafuta jingine. Na hilo koti ulilolivaa jana, ukilifua utaliacha hapa mlangoni, usiingie nalo."

Aliondoka amelikumbatia kopo, akitembea kando ya ukuta. Mama Makochi alibaki ameinua mikono mbali na mwili, kama alivyofanya kila alipomaliza kufungua kochi baya.

"Leta maji," alimwambia Mpishi. "Na ile sabuni yetu."

"Hatimaye imepata mteja!" Mpishi alisema, akammiminia. "Sugua hadi viwikoni, shoga."

Alisugua hadi viwikoni. Kisha akajifuta, akaketi, akaweka mguu wa kushoto kwenye kanyagio palipolika, akaanza kushona.